Muuguzi wa Kufumba Macho

Muuguzi wa chumba cha watoto hufumba macho mgonjwa anapokohoa. Huchomeka kalamu nyweleni, akatega sikio kama fundi anayesikiliza injini. Siku moja bibi mmoja alimletea mjukuu wa miezi miwili, aliyekuwa akikohoa mfululizo mpaka midomo inabadilika rangi, kisha anavuta pumzi kwa mlio kama wa jogoo mchanga. Mtoto alikohoa, akatulia; bibi naye akakohoa kidogo. Muuguzi bado alikuwa amefumba macho.

"Na wewe, bibi, umeanza lini kukohoa?"

"Mimi? Hiki changu cha uzee tu, mwanangu. Wiki ya tatu sasa." Hapo bibi akamtazama mtoto. Ni yeye aliyekuwa akimlaza mtoto kifuani kila siku.

Muuguzi hakumlaumu. Aliwapitishia wote wawili kijiti cha pamba puani. "Nadhani ni kifaduro. Majibu yatakuja, ila dawa tunaanza leo, nyumba nzima. Huyu tunamlaza, tumwangalie pumzi."

Wiki nane baadaye mtoto alichomwa chanjo, akaangua kilio cha hasira.

"Lia, bwana mkubwa," muuguzi akasema, akafumba macho. Bibi naye akafumba yake. Kilikuwa kilio kitupu, hakina jogoo ndani.