Renatha wa Roki ya Maendeleo

Renatha ni fundi cherehani wa Ilemela, jijini Mwanza, mama wa miaka arobaini na kitu, mtu wa maneno machache. Gitaa la besi alijifunza kwenye kwaya ya vijana ya Kilutheri huko kwao Muleba, na kuingia bendi hakukuwa kwenye mipango yake kabisa. Siku moja alikuwa uani akilipiga huku akisubiri maharage yaive, ndipo mpangaji mwenzake, Mwalimu Ndalahwa anayefundisha jiografia, alipotoka chumbani mbio na taulo begani.

"Dada Renatha, unaweza kuhesabu mpaka saba?"

"Nani asiyeweza?"

"Wanamuziki wa mji huu! Wanafika nne, wanarudi moja. Sisi tutakwenda mpaka saba."

Renatha hakuona ubaya wa kufika saba. Ikawa ndiyo ameshaingia.

Ndalahwa alipenda ile roki ambayo wimbo mmoja unapanda, unatulia, unageuka, unasahau ulikotoka, halafu unaanza upya. Alitafuta jina la Kiswahili la kuuita muziki huo, akaamua ni Roki ya Maendeleo, na bendi nayo ikaitwa hivyo hivyo. Yeye alipiga gitaa la solo na kuimba. Shimba, mchomelea vyuma wa Nyakato, alipiga drams. Wimbo wao ulikuwa mmoja tu, unaomhusu sato aliyechoka kukaa majini akaamua kupanda jabali. Kabla sato hajafika hata ufukweni, wasikilizaji wengi walikuwa wameshaondoka.

Mwaliko wao wa kwanza ulitoka Magu. Mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mpunga alisikia jina lao, akadhani ni mradi. Walipofika wakakuta turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, na wakulima wamevaa nguo za kanisani.

"Karibuni sana wataalamu," alisema mwenyekiti. "Tunaomba muanze na suala la mifereji."

Ndalahwa akaanza na sato.

Wakulima walivumilia kwa adabu. Mmoja alinyoosha mkono muda mrefu, akitaka kuuliza kuhusu mbegu. Katikati ya wimbo Shimba aliweka vijiti chini, akasema anakwenda kujisaidia, akakodi pikipiki mpaka Mwanza. Baadaye walisikia amejiunga na bendi ya harusi, ambako kila mtu anaishia nne.

Renatha alibaki akipapasa besi, aibu imemjaa. Hapo ndipo aliposikia sauti nyuma ya ghala. Ilikuwa mashine ya kukoboa mpunga, injini yake kuukuu inachechemea: pu-pu-pu, pu-pu, pu-pu. Akahesabu. Saba! Akahesabu tena. Vidole vyake vikaifuata kabla hajaviruhusu, na wakulima, ambao waliijua sauti ile kuliko sauti za wake zao, wakaanza kutikisa vichwa. Mwenyekiti akasimama akapiga makofi.

Wimbo ulipokatika, mzee mmoja alitokea amejaa pumba mpaka kwenye nyusi. Aliitwa Pius, na mashine ilikuwa yake.

"Shikamoo baba," alisema Renatha. "Mashine yako inaweza kusafiri?"

"Marahaba. Inaweza. Ila haiendi bila mimi."

Basi Roki ya Maendeleo ikapata mpiga drams mpya, au wawili, inategemea unahesabuje. Mashine ililetwa Mwanza, ikapandishwa kwenye mkokoteni na kuzungushwa mji mzima. Watu walianza kujaa, kila mmoja na gunia lake la mpunga. Waliondoka na mchele na burudani, wakasifia vyote viwili. Lakini siku walipopiga Nyakato, umati ulipaza sauti: "Mashine! Mashine!" wakati Ndalahwa ndiyo kwanza amefumba macho kwenye solo. Alizima gitaa akashuka jukwaani.

Kikao kilifanyika katika chumba cha ushonaji cha Renatha.

"Mimi ndiye mwanzilishi," alisema Ndalahwa. "Ama mashine, ama mimi. Tupige kura."

Alijipigia mwenyewe. Pius akaipigia mashine. Renatha akasema ana sare za watoto za kumaliza, wasimwingize.

"Bado kuna mwanachama hajapiga," alisema Pius. Akatoka uani, akawasha injini. Ikanguruma mpaka sindano zikacheza mezani.

"Imesemaje?" aliuliza Ndalahwa.

"Imekataa kuondoka."

Ndalahwa aliwahi kusimamia uchaguzi wa viranja shuleni kwake na alikuwa mtu wa taratibu. Alihesabu kura kwa vidole. "Mbili kwa moja," alisema, akachukua gitaa lake, akatoka.

Wiki zile Renatha alishona mikono ya mashati kinyumenyume. Kupitia ukutani alimsikia Ndalahwa akipiga wimbo ule peke yake, taratibu, akiuachia katikati. Alijiona mwoga. Kura moja tu, na alikuwa amejificha nyuma ya sare.

Renatha na Pius walitangaza redioni kwamba wanatafuta mpiga gitaa. Alijitokeza mmoja tu, amevaa miwani mikubwa ya jua na skafu ya pamba shingoni, ameshika gitaa ambalo Renatha alilijua mpaka mikwaruzo yake.

"Naitwa Antoni," alisema kwa sauti ya Ndalahwa.

Akapiga. Pius alisikiliza, kichwa amekiinamisha, kisha akashusha pumzi. "Anamuiga yule mwalimu wetu. Lakini hamfikii."

"Simfikii kivipi?" Antoni aliuliza kwa uchungu.

"Yule alikuwa na hisia, mwanangu."

Renatha aliuma futi yake ya kupimia asicheke. Halafu akamwona yule mtu anaanza kuvua mkanda wa gitaa, kicheko kikamwisha.

"Baba Pius, huyu tunamchukua," alisema. "Na mimi ndiye ninayesema."

Wote wawili walimgeukia, maana hakuwahi kuamua lolote kwenye bendi ile.

Siku hizi Antoni hupiga gitaa akiwa na miwani usoni, na mashine ikishangiliwa yeye hujifuta jasho tu. Wakipumzika, Pius humsimulia habari za Mwalimu Ndalahwa, jinsi alivyokuwa bingwa, na habari zenyewe huongezeka kila wiki. Antoni haachi kuziomba.

"Siku moja ningependa umwone," Pius alimwambia juzi, pale ufukweni Ilemela.

"Hata mimi, baba. Alikuwa mrefu?"

"Mrefu sana."

Upepo wa mvua ulikuwa umeanza kuvuma kutoka ziwani. Renatha akawaambia waache maneno, wafunike mashine.