Karata ya Bundi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, katika kijiji kimoja upande wa Mvumi, nilifanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka nasikia kinyaa. Aibu yake ilikwisha zamani. Kinyaa ndicho kimebaki.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa binti mgeni kutoka Bukoba, hakujua mambo ya kwetu. Alikata maboksi ya sabuni, akabandika juu yake kwa uji wa sembe picha alizochora mbili mbili: mbuzi na mbuzi, jembe na jembe. Tulikaa wanne wanne, kila mmoja akichomoa karata moja mkononi mwa jirani yake. Ukipata jozi, unaitaja kwa Kiingereza na kuiweka chini. Kiingereza kilituingia hivyo kuliko kwa fimbo. Ila karata moja haikuwa na mwenzake, na aliyebaki nayo mwishoni ndiye aliyeshindwa. Juu yake mwalimu alichora bundi, tena kamvisha miwani, kwa kuwa katika vitabu vya Wazungu bundi ni ndege mwenye akili.

Kwetu bundi ni msiba. Bibi yangu alikuwa akisema akitua juu ya paa la udongo la tembe, nyumba zetu za kwetu, haondoki mikono mitupu. Nilimwogopa hata huyo wa kuchorwa. Kwa hiyo siku ya kwanza tu iliponifikia karata ile, niliing'ata kona kwa siri, nikabaki na ladha ya uji uliochacha mdomoni. Tangu hapo niliijua popote ilipo. Mimi nilikuwa nikichomoa kwa Debora, rafiki yangu, na kila mara niliikwepa kona ile. Bundi akimfikia Debora hakuwa tena na pa kwenda. Ijumaa tatu mfululizo alibaki naye, darasa zima likimwigizia mlio wa bundi, na yeye mwenyewe akicheka.

Wiki ya Ijumaa ile ya tatu mdogo wake, ambaye hata kutambaa alikuwa hajaanza, alishikwa na homa akafa.

Kufika msibani wanawake walikwishajua habari za karata, maana watoto tulizipeleka nyumbani. Debora alipopita na sinia la ugali na mlenda, watu wazima, mama zetu wa kwaya, walivuta kanga puani kana kwamba kabeba mzoga. Walikuwa wametoka kuimba pambio muda huohuo. Bibi aliusukuma mkono wangu mbali na sinia.

"Usile cha huyo. Bundi kamchagua."

Hao walinichefua, lakini mimi nilijichefua zaidi, maana mimi peke yangu nilijua aliyemchagua ni nani.

Baba yake alisema atamtoa shule ampeleke Chang'ombe kwa shangazi, akafanye kazi za ndani. Siku moja kabla ya safari Debora alinijia. Alisimama uani, kwa kuwa bibi hakumruhusu kuingia.

"Kwani mimi nina nini?" akaniuliza.

Maneno machache yangetosha kumrudisha darasani. Niliogopa viboko, nikamwambia sijui.

Mimi nilisoma. Sasa nafundisha Kiingereza Chamwino, na wazazi hunisifu kwa michezo yangu ya karata. Mwaka jana nilimtafuta Debora, nikamkuta Chang'ombe akikaanga maandazi mbele ya duka. Hana mtoto. Aliniambia, bila hata chozi, kwamba alikataa kuzaa kwa sababu anaogopa alichonacho kisije kikamla mtoto wake. Hapo nikamweleza yote, kona, meno yangu, Ijumaa zote tatu.

Alinisikiliza huku akigeuza maandazi. Kisha akanishika bega.

"Mwenzangu, una moyo mzuri. Umetoka kote huko kuja kunitungia uongo wa kunifariji."

Nilimwapia kwa jina la Mungu. Akatikisa kichwa tu, akanifungia maandazi manne kwenye gazeti. Ukweli wangu ulikuwa na kazi siku moja, siku ile alipokuwa amesimama uani kwetu. Siku nyingine zote haukumfaa mtu.

Akaniombea baraka kwa sauti, mbele ya wateja wake. Nami nikaitikia amina.