Mbwa Asiyejua Kiswahili

Dada yangu husema nilijisahau. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimekuwa nikimkatalia: sikujisahau, nilikiri, tena kwa hiari yangu, mbele ya watu, kwa sauti ya juu. Nimelisimulia jambo hilo kwenye harusi mbili na kipaimara kimoja, na kila mara nimejitokeza kama msichana mwenye dhamiri. Sasa nimechoka kujitetea. Dada alikuwapo, na anasema kweli. Nilipiga simu ile nikitafuta namna ya kuendelea kusema uongo, nikajisahau.

Chanzo kilikuwa mbwa.

Baba alikuwa amepunguzwa kazini. Miaka ile ya ruksa mashirika ya umma yalikuwa yanakufa moja baada ya jingine, na la kwake lilipokufa tulitoka kwenye nyumba ya shirika kule Themi, mjini, tukahamia Olmotonyi, kwenye nyumba aliyokuwa akiijenga kidogo kidogo chini ya msitu wa serikali. Haikuwa na dari, na upande mmoja haikuwa na madirisha. Ilikuwa na mbwa. Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao alimwachia Baba mbwa wake, dume la Kijerumani lenye masikio wima na kifua kama cha ndama. Baba, ambaye hakuwa tena na ofisi wala gari la kazi, akapata walau kitu kimoja ambacho majirani hawakuwa nacho. Aliwaambia mafundi, aliwaambia watu wa kanisani, alimwambia kila aliyepita njia: "Huyu anaangusha hata chui."

Shida ya mbwa huyo ilikuwa lugha. Alikuwa amefunzwa kwa Kijerumani. Ukimwambia njoo, alikutazama kwa adabu, kama mgeni aliyeketi kwenye ibada ya Kichaga, kisha akaendelea na yake. Nami nilikuwa nimerudi likizo kutoka Chuo Kikuu, mwaka wa pili, nasoma Kiswahili, na sijaona kiumbe mwenye uhakika kama mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nikaamua kumfundisha, asubuhi na jioni, kwa dagaa. Baada ya wiki mbili alijua "kaa." "Njoo" aliijua akitaka. "Rudi" niliamini anaijua, kwa sababu uani kwetu hapakuwa na mahali pa kwenda hata mtu ashindwe kurudi.

Asubuhi moja nikampeleka ukingoni mwa msitu kumpa mtihani. Wanawake waliokuwa wanapanda mlima na majembe begani walisimama kutushangaa.

"Unampeleka wapi huyo?"

"Namtembeza."

"Kwani yeye hana miguu?"

Nikangoja wapite, nikamfungua mnyororo.

Pale msitu unapoanza, miche ikiwa bado midogo, wanawake hupewa vishamba katikati ya mistari ya miti. Wanalima viazi na maharage, na palepale wanaipalilia miche ya serikali, mpaka miti inapokua na wao kuhamishiwa kwingine. Kutoka kwenye vichaka vya jirani akatokea pongo, yule swala wa msituni. Dume, rangi ya kahawia iliyokolea, madoa meupe ubavuni, pembe zimesokotwa. Hakuwa mzee wala mgonjwa. Alisimama akatutazama.

"Kaa," nikasema. Mbwa akakaa. Nilijisikia fahari kwa muda wa kama pumzi mbili. Kisha pongo akaruka, na mbwa akaruka.

Niliita "Rudi!" Niliita "Njoo!" na "Kaa!" Niliita kwa Kichaga, nikaita kwa Kiingereza cha sekondari. Walishapotelea bondeni, nikabaki nasikia matawi yakivunjika, kisha hata hayo sikuyasikia tena. Mbwa alirudi baada ya muda mrefu, ulimi nje, kifua chekundu. Akanikaribia na, bila kuambiwa, akakaa.

Nilimwosha kijitoni kwa mikono yangu, nyumbani nikamwosha tena kwa sabuni ya mche, nikamfunga. Baba aliporudi kutoka mjini alimkuta kwenye mnyororo wake, anang'aa.

Kishamba alikofia yule pongo kilikuwa cha mama mmoja wa Kiarusha aliyetuletea maziwa kila asubuhi. Tulimwita Yeyo, kama watu wa kule wanavyomwita mama yeyote wa umri wake. Alimkuta mnyama amelala kwenye viazi vyake, kando ya lango la uzio wake, akamfunika kwa majani ili nzi wasimjae, akaenda mwenyewe kumwambia bwana misitu. Bwana misitu alipofika aliona mnyama aliyefunikwa na, hatua tatu kutoka hapo, waya uliosokotwa. Akaona ametegwa, kisha amefichwa. Adhabu yake ilijulikana: unanyang'anywa kishamba. Yeyo hakuwa na kingine. Ardhi ya marehemu mumewe shemeji zake walishagawana, na alichobaki nacho ni mistari ile ya viazi.

Yeye alisema jambo moja tu, akawa analirudia bila kuongeza kitu: "Nilimwona mbwa wa Mzee akishuka."

Kikao kilikaliwa nje ya ofisi ya bwana misitu, watu wameketi kwenye magogo.

"Mbwa wangu amefunzwa, tena hufungwa," alisema Baba. "Na hata angefunguliwa, mbwa wa nyumbani hawezi kumuua pongo mzima, dume, mwenye pembe."

Mwenyekiti wa kijiji akajikuna shavu. "Mzee, si wewe uliyetuambia anaangusha hata chui?"

"Chui, ndiyo. Pongo sikusema."

Watu walicheka. Baba hakucheka. Nilimwona akitafuta mahali pa kuweka mikono yake, nikajua siwezi kusema. Isitoshe, nilisikia kwamba mbwa anayeua wanyama wa msitu hupigwa risasi. (Hakupigwa. Alikufa kwa uzee, akiwa na maneno manne ya Kiswahili.)

Bwana misitu akanigeukia. "Huyu binti yuko Chuo Kikuu. Hebu atueleze kitaalamu."

Hakuna aliyeuliza nasoma nini. Kwetu, mtu akishafika Chuo Kikuu anategemewa kujua kutengeneza redio, dawa ya minyoo na sheria ya mirathi. Nikasimama. Nikasema mbwa aliyezoea kulishwa amepoteza silika ya kuua. Nikasema "kimaumbile." Nikasema "vizazi na vizazi." Wanaume wazima waliitikia kwa vichwa, na aibu yangu kubwa ni kwamba nilifurahia.

Yeyo alinitazama. "Mwanangu, kwa hiyo mimi sikumwona mbwa?"

"Ulimwona, Yeyo. Labda wa mtu mwingine."

Kijiji kizima kilikuwa na mbwa mmoja tu wa ukubwa ule.

Bwana misitu alisema ngozi na miguu ya nyuma vimepelekwa kwa daktari wa mifugo mjini, naye angeleta maandishi Ijumaa. Hadi hapo, Yeyo asitie mguu kishambani.

Siku zilizofuata sikuweza kutulia. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilitoka mpaka getini kuangalia kama kuna mtu, nikarudi, nikasahau kama nimeangalia, nikatoka tena. Nilifungua kitabu, nikakuta nimekaa ukurasa mmoja tangu chai ya asubuhi. Yeyo aliendelea kuleta maziwa, kipimo kilekile. Nikimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba na kuuliza habari za masomo. Na mbwa kila aliponiona alikaa, hata mdomo sijafungua, kama shahidi aliyefika mapema.

Kilichonisumbua nilikigeuza kuwa swali la elimu. Kama mbwa wa nyumbani kweli hawezi, basi sikudanganya, nilikisia vizuri, na labda hata nilichokiona sikukiona. Jumatano nikashuka na dada mpaka duka la Mangi, barabarani. Mangi alikuwa na simu pekee ya eneo lile, yenye kufuli dogo pale pa kuzungushia namba. Akafungua, akanizungushia mwenyewe ofisi ya mifugo mjini.

"Shikamoo Daktari. Nilikuwa naulizia, kwa ajili ya masomo tu, mbwa wa nyumbani anaweza kumuua pongo?"

"Unasemaje? Sikusikii."

"MBWA! ANAWEZA KUMUUA PONGO?"

Mangi akaacha kupima sukari. Wateja wakanigeukia.

"Mbwa wa aina gani?"

"Mkubwa! Wa Kijerumani!"

"Pongo jike?"

"Dume! Pembe hivi!" Nikamwonyesha kwa mkono, kwenye simu.

"Dume atamgeukia, anaweza hata kumpasua tumbo," alisema daktari, ambaye inaonekana alipenda kuulizwa. "Lakini mbwa haui kama chui, haendi kooni. Anakimbiza, anang'ata nyuma, anakimbiza tena, mpaka mwenzake aishiwe pumzi. Akimbana kwenye uzio, kwisha. Hapa nina ngozi ya pongo imechanwa mapajani. Ila shingo, ambako waya ungeacha alama, hawakuniletea. Sijui mbwa alimuua, au alimkuta ameshakufa mtegoni akamtafuna. Na wenye mbwa wanasema amefunzwa vizuri. Mbwa aliyefunzwa si ukimwita anarudi?"

Hapo nilipaswa kusema ahsante na kukata simu. Lakini alikuwa amegusa ualimu wangu.

"Harudi!" nikapiga kelele. "Nimemwita rudi, njoo, kaa, mpaka koo limekauka! Pongo mzima anakimbia mbele yake, yeye hasikii! Hajui Kiswahili, Daktari! Anajua 'kaa' peke yake!"

Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Mwanangu kafeli Kiswahili darasa la saba, kumbe walimu wako kwa mbwa." Wakaangua kicheko. Dada hakucheka. Aliniminya kiwiko na kunionyesha mlango kwa macho. Yeyo alikuwa amesimama pale na gudulia la maziwa ya Mangi.

"Nani alimwita?" daktari akauliza.

"Mimi," nikasema. "Nilimfungua mimi."

"Unasemaje? Simu inakwaruza."

Hilo la kwanza namwachia dada, lilinitoka. Hili la pili naomba nihesabiwe.

"NILIMFUNGUA MIMI! ALIMKIMBIZA AKIWA HAI, MBELE YANGU!"

"Mwambie na waya ni wa lango langu," Yeyo akasema kutoka mlangoni, bila kupandisha sauti.

"NA WAYA NI WA LANGO LAKE!"

Nikasikia kalamu, au labda ni ule mkwaruzo. "Basi anaweza," alisema daktari. "Naandika mbwa. Bwana misitu nampigia sasa hivi, mwambie huyo mama arudi shambani kwake."

Niligeuka nimwambie. Gudulia lilikuwa juu ya kaunta. Mwenyewe alishavuka barabara, anapanda kuelekea msituni.