Utomvu wa Mgomba

Wanaume wanakata migomba ya mteremkoni, nyuma ya nyumba ya mama hapa Ikonge, wapate nafasi ya kuchimba kaburi la kaka yangu. Harufu ya utomvu mbichi imenifikia kabla sijawaona, na miguu yangu ikataka kukimbia.

Hapa ndipo tulipokuwa tukiteleza. Mvua ikishanyesha, kaka alibandua ganda refu la mgomba, akalilaza kwenye matope, akanikalisha mbele yake. Nilikuwa mtoto mwoga, wa kulia hata jogoo akinisogelea.

"Ukiogopa, kanyaga chini kwa visigino," aliniambia. "Mimi niko nyuma."

Tulishuka mbio hadi kwenye shamba la majani chai, matope yakiturukia mdomoni, nami nikicheka mpaka tumbo likauma. Sikukanyaga hata mara moja. Woga wangu wote niliuacha kwenye mteremko huu.

Sabato moja tulitoka kanisani tukateleza kabla ya kubadilisha nguo. Gauni langu jeupe likajaa madoa ya utomvu, na mama akaja na fimbo.

"Ni mimi nilimlazimisha," kaka akasema.

Uongo. Mimi ndiye niliyemsihi. Alichapwa yeye.

Leo mgomba mmoja umeanguka karibu nami, na utomvu umenirukia kwenye gauni la matanga. Mama anauona kutoka kwenye kiti alichokalishwa.

"Sugua upesi," ananiambia kwa sauti iliyokauka. "Ukikauka hautoki."

Najua, mama. Nimesimama palepale, naungoja ukauke.