Sinki Karibu na Mlango wa Nyuma

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyomnunia baba mkwe wangu, na kumnunia baba mkwe si jambo dogo kwetu sisi Wajaluo.

Nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu hapa Homa Bay, na mimi na baba yako tulikuwa tunatengeneza bafu upya. Nilichagua sinki pana lenye kabati jeupe na droo, kama hayo uliyonitumia picha jana kwa simu. Lilikuwa bado kwenye boksi, limesimama sebuleni, na kila mgeni aliyeingia nilimfunulia alione. Nilikuwa na maringo, usicheke.

Ndipo babu yako akaja kutoka Nyatike kutibiwa macho. Daktari alimpa dawa ya matone, akamwambia anawe uso na mikono kwa maji safi kila anapotaka kuitia. Bafuni tulikuwa na ndoo na beseni, lakini mzee hakugusa. Alichukua taulo lake, akapapasa ukuta mpaka kwenye mfereji wa jirani, akaufungua akanawa huko. Mvua ikinyesha hakwenda, na dawa hakutia. Siku chache baadaye akakunja koti lake, akasema anarudi nyumbani na macho yake vilevile.

Mimi nikachemka. Nilidhani ananidharau. Nikamwambia avumilie kidogo, sinki jipya litawekwa.

"Nyar Awendo," akasema, maana aliniita binti wa Awendo, kwetu nilikozaliwa, "hiyo sinki ni maridadi. Lakini hata uweke ya dhahabu, bafu ya bibi ya kijana yangu mimi siingii. Si kukukataa. Nakuheshimu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimepima ukuta, nimepima mlango, nimelinganisha rangi na vigae, na sikuwa nimejiuliza hata mara moja ni nani atakayenawa pale. Jioni hiyo baba yako akalirudisha dukani, akabadilishiwa masinki mawili madogo, ya kawaida tu. Moja likaenda bafuni. La pili fundi akalifunga kwenye korido, karibu na mlango wa nyuma, na kioo juu yake.

Mzee akakaa. Alinawa, akatia dawa, bila kumsumbua mtu. Asubuhi moja nilimkuta ameinamia kile kioo, pua karibu iguse.

"Nyar Awendo, huyu mzee ametoka wapi? Mbona hamkuniambia nimeota mvi hivi?"

Nikacheka, halafu nikalia palepale.

Kwa hiyo, mwanangu, chagua sinki unalolipenda, liwe na droo hata tano, sikukatazi. Lakini kabla ya kuulizia rangi, kaa na mumeo muulizane ni nani atakayekuja kwenu akaona haya kuingia bafuni. Mmoja namjua. Mimi ni mama mkwe wa mumeo, na humo sitakanyaga. Niwekee kasinki kadogo nje, hata kama hakana kabati.

Mungu aijaze nyumba yenu huko Migori maji na wageni, na akupe macho ya kuona haja ya mtu kabla hajakunja koti lake. Nami nikija, nitanawa mikono, nitakaa, nitakula kwako mpaka nishibe.