Jina la Athol Geddes

Wattie Geddes alikuwa mchungaji wa kondoo kule Southland, kusini kabisa mwa New Zealand, mbishi wa kutupwa. Mbwa wake walimtii kwa mluzi mmoja, lakini mwanawe Athol hakusikia hata kwa kelele. Kijana alirusha farasi juu ya ua wa jirani, akatembea kwenye ukingo wa paa la banda la kukatia manyoya, na Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza akaenda zake kuwa rubani wa ndege za kivita za jeshi la majini. Alipigana hadi mwaka wa mwisho. Kisha habari ikafika kwamba amekufa karibu na Japani, akijaribu kutua kwenye meli yake ya kubebea ndege.

Kila Aprili, alfajiri ya Siku ya Anzac, siku ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, kijiji kizima husimama kimya mbele ya mnara wa kumbukumbu na majina ya marehemu husomwa. Wattie alikataa katakata la mwanawe lisomwe.

"Wasomwe waliouawa na adui," alimwambia mkewe, Effie. "Wetu kauawa na utundu wake. Hakujua kuogopa, yule!"

"Na wewe hujui kulia," Effie akamrudishia.

Walilala kitanda kimoja, lakini kwa miaka miwili mazungumzo yao hayakuvuka chai na kondoo. Effie alitaka kitu kimoja tu, kulisikia jina lile likitamkwa mbele za watu.

Siku chache kabla ya Anzac ya tatu tangu Athol afe, akabisha hodi mgeni, Len Pascoe, aliyekuwa akisukuma ndege kwenye sitaha ya meli ile. Effie akamwandalia nyama ya kondoo. Wattie alikaa na kofia yake kichwani.

"Ulimwona alivyoboronga?"

"Hakuboronga kitu, mzee. Bomu lilimkwama chini ya bawa. Angetua nalo, lingetulipukia sote, na ndege zilizoegeshwa pale zilijaa mafuta. Akashuka mpaka usawa wa sitaha, akatutazama. Halafu akageuza."

"Akaenda wapi?" Effie akauliza.

"Mbali na meli zote, mama. Hakuwa na mafuta ya kupanda juu aruke na mwavuli. Ndege ilipogusa maji, bomu likalipuka."

Wattie akaguna. "Alikuwa anacheka, bila shaka. Namjua."

Len akaweka kikombe chini. "Kioo cha juu ya kiti chake kilikuwa kimefunguliwa, uso wake niliuona vizuri. Alikuwa na hofu, mzee. Mdomo ulimtetemeka kabisa. Na bado akageuza."

Wattie akavua kofia. Miaka yote alidhani amezaa mtoto asiye na hofu, na kwa mtu kama huyo ujasiri ni kitu gani? Sasa alimstahi mwanawe kwa namna ambayo hakuwahi kumstahi mtu yeyote, na hilo lilimtisha.

"Aliogopa," akasema. "Effie, aliogopa, na bado akageuza." Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

Kesho yake Wattie alikwenda mwenyewe kuomba jina la mwanawe lisomwe. Alfajiri ya Anzac walisimama watatu mbele ya mnara. Majina yalisomwa, na kama ilivyo desturi hakuna aliyeitika wala kukohoa. Msomaji akafika kwa Athol Geddes.

Wattie akapiga hatua mbele. "Huyo ni wangu!" akasema kwa sauti.

Hakuna aliyemnyamazisha.