Bonyeza Mbili

Bi Futi alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa kwa sababu futi ya kupimia nguo haikumtoka shingoni hata msibani. Watafiti wa dawa za kulevya walipofika kijijini wakitafuta mtu wa kuwasaidia, walielekezwa kwake moja kwa moja. Nani asiyepita kibarazani kwake? Suruali zikipasuka, wote tunakutana hapo, mlevi na mcha Mungu.

Kila siku saa nne asubuhi, kwa miaka miwili, simu za watumiaji arobaini zililia, na sauti iliyorekodiwa ikauliza: "Tangu jana umetumia unga? Kama ndiyo, bonyeza moja. Kama hapana, bonyeza mbili." Asiye na simu alifuatwa na Bi Futi akiwa na simu ya mradi. Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Simu ya kijana mmoja ilipokewa na bibi yake, akafoka: "Unga gani tena, wakati hata wa kupikia umeniishia!" Akakata.

Na Bi Futi alivyowasihi watu waseme kweli! "Mficha maradhi kifo humuumbua," aliwaambia, pini mdomoni. "Simu haina macho wala umbea. Sema ulivyo." Wakamwamini, wakasema.

Lakini mkuki kwa nguruwe mtamu, bwana. Miongoni mwa wale arobaini alikuwemo Fundi Redio, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye kabla ya unga alikuwa akifufua redio ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Simu yake aliiuza mwezi wa kwanza. Basi kila asubuhi dada mtu alikwenda chumbani kwake, nyuma ya nyumba ya mama yao, akauliza na kubonyeza mwenyewe, maana mikono ya mdogo wake ilitetemeka. "Moja, dada," alijibu, macho chini. Na dada akabonyeza mbili.

Mara ya kwanza aliona haya tu. Mratibu wa mradi aliyasoma majibu kwenye kompyuta, na yeye angeuweka wapi uso wake? Siku ya pili akajiambia huyu mdogo wangu ataacha, sasa nimchafulie ya nini? Siku ya thelathini hakujiambia kitu. Uongo ukizoeleka huwa kama kupiga mswaki, jamani.

Miaka miwili ilipokaribia kwisha, mratibu, dada mmoja mpole, alikuja kibarazani na karatasi.

"Mama, hospitali ya wilaya imetupa nafasi nane za matibabu kwa vijiji vyote vya mradi. Dawa kila siku, na mtu wa kuwafuatilia. Tumechagua wale ambao majibu yao yanazidi kuwa mabaya. Watatu ni wa kwako."

Bi Futi alisoma majina, akarudia. "Na Fundi Redio?"

"Yule?" Mratibu alicheka kwa furaha. "Miaka miwili hajagusa! Yule tunamtaka azungumze siku ya kufunga mradi, awatie wenzake moyo."

Bi Futi aliikunja karatasi. Akauliza kwa mbali, kama anayeulizia mambo ya jirani: ikigundulika jibu si la kweli, inakuwaje?

"Tunafuta yote ya mkusanyaji huyo. Watu wake wanatoka kwenye orodha, nafasi zinakwenda kijiji kingine. Kwani vipi, mama?"

"Nauliza tu."

Mmoja wa wale watatu alikuwa na mtoto wa miezi minne, na nguo za kwanza za mtoto huyo zilishonwa kwenye cherehani ile ile. Bi Futi angeanzia wapi kumweleza? Akimeza linamchoma, akitema linawaunguza wengine. Alifunika cherehani mchana kweupe, akaenda kwa mdogo wake. Alimkuta kitandani, amebaki mifupa. Habari za orodha zilikuwa zimeshamfikia.

"Dada, mimi nimo?"

"Humo."

Alitikisa kichwa taratibu. "Basi wako wanaoumia kuliko mimi. Wapewe tu. Mimi nitasubiri."

Angenyamaza, lingepita. Lakini maneno yale yalimkata maini.

"Hakuna aliyekuzidi," alisema, machozi yakimtoka. "Ulikuwa ukisema moja, mimi nabonyeza mbili."

"Lini?"

"Kila siku."

Akamweleza yote: aibu, mratibu, wale watatu. "Sema neno moja tu, mdogo wangu, nakwenda kwake sasa hivi. Liwalo na liwe."

"Ili yule mwenye kichanga akose? Hapana. Nyamaza hivyo hivyo."

Hakupandisha sauti. Bi Futi alitamani amtukane, amfukuze, chochote.

"Mwaka jana, mwezi wa nane," mdogo wake alisema baadaye, "niliacha siku tisa. Unakumbuka?"

Hakukumbuka.

"Nilikuambia mbili, dada. Siku ya kwanza nilipiga kelele kabisa: mbili! Lakini ulikuwa umeshabonyeza, uko mlangoni. Nikasema si kitu, kule kwenye kompyuta zitaonekana. Nilitaka mradi ukifungwa niwaombe wanionyeshe, nizione kwa macho yangu." Akamtazama. "Sasa zitajulikanaje?"

Bi Futi aliitoa simu ya mradi, akafungua orodha ya majibu ya mdogo wake, akaipekua kwa kidole. Mbili, mbili, mbili, kurasa na kurasa. Hata yeye aliyezibonyeza hakujua zipi ni za kweli.